Kimea cha Mkono wa Mkubwa

Regina alifika Jumanne, ameketi upande kwenye pikipiki kama bibi harusi, na kabla mguu wake haujagusa chini alikwisha kuuliza kwa nini njia ya kuingilia haijafyekwa. Anastasia alikuwa uani akianua kimea kilichokauka juu ya mkeka. Aliinuka, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda kumpokea dada yake mizigo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huli?"

Ndiyo salamu ya Regina hiyo. Alikuwa mkubwa kwa miaka minne tu, lakini miaka hiyo minne aliivaa kama cheo, na tangu utotoni hakuwahi kuivua. Alikuwa ameishi mjini, Mafiga, miaka thelathini sasa, na kila alipopanda mlimani alipanda na ushauri mwingi kuliko sukari. Tusimsingizie, sukari nayo alileta, kilo mbili, pamoja na mche wa sabuni. Alivikabidhi huku macho yake yakizunguka kwenye paa, kwenye kuta za udongo, na kwenye migomba iliyoteremka mpaka bondeni.

Kilichomleta kilijulikana na kila mtu hapo juu ya Kinole. Mama yao, Catherine, alikuwa anatimiza mwaka kaburini Jumamosi hiyo. Katika milima hii ardhi hufuata tumbo la mama, na katika ukoo wao mwanamke akifa shamba lake haligawiwi papo hapo. Jembe lake huchukuliwa na mjomba, likakaa kwake mwaka mzima. Mwaka ukitimia, mabinti wa marehemu hupika pombe, pombe ikapelekwa kaburini asubuhi, mjomba akaonja, akamwaga kidogo chini, kisha akamkabidhi jembe binti mmoja mbele ya watu. Aliyepewa jembe ndiye mwenye shamba na kila kilichosimama juu yake. Karatasi hakuna. Padri analijua jambo hili na halijui: Misa ya kumwombea marehemu husomwa Ijumaa, pombe huenda kaburini Jumamosi, na mambo hayo mawili hayajawahi kugongana njiani.

Anastasia alilitaka shamba lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona aibu kulitaka. Mume wake alipofariki alirudi kwa mama yake, miaka kumi na mmoja iliyopita, na mwanawe Paulo alipopata kibarua cha miwa Kilombero akabaki peke yake na bibi kizee ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Alimbeba mgongoni kwenda kanisani. Alimbeba kwenda chooni. Mdalasini wa upande wa juu aliupanda yeye, michungwa ya chini aliikata matawi yeye. Mwezi wa nne Amani, mtoto wa Regina, alikuja na wanaume wawili wenye kamba ya kupimia, wakapiga picha bonde lote, wakasema hapa zikijengwa nyumba za wageni za kutazama milima watu watakuja kutoka Dar wenyewe. Mmoja wao alimwuliza Amani, Anastasia akiwa amesimama pale pale na ndoo kichwani, kama hiki kibanda cha udongo kitatolewa au kitaachwa kiwe jiko. Amani alimjibu kwamba kitatolewa.

Basi mtu asiniambie kwamba Anastasia alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na roho kama yako na yangu, ila yake ilikuwa imebanwa kwenye kona.

Kuhusu pombe yenyewe, desturi ilikuwa hivi. Hupikwa kwenye jiko la marehemu, na anayepika ni binti anayeishi hapo. Lakini kimea hutiwa na mkono wa binti mkubwa, hata kama hajashika mwiko maisha yake yote. Watu walisema pombe ikikubali, marehemu ameukubali mkono uliotia kimea. Ikikataa, mkono umekataliwa. Iliwahi kutokea kwa mama yao mkubwa, zamani, pombe ya bibi ikagoma, na jembe likapita mbele ya uso wake likaenda kwa Catherine aliyekuwa mdogo. Mama mkubwa yule alihamia Mzumbe kwa watu wa mumewe na hakurudi tena.

Hadithi hiyo Anastasia aliijua kwa moyo. Sidhani kama aliikumbuka Jumanne ile. Aliikumbuka siku ya pili yake.

Jumatano asubuhi, chai ikiwa bado mezani, jirani yao Sabra alipita kumsalimu Regina. Sabra alikuwa Mwislamu, pombe haikupita kooni mwake hata siku moja, lakini tangu wakiwa wasichana hakukosa siku ya kupika, kwa sababu pombe kabla ya kuwa pombe ni togwa, na togwa ya nyumba ile ilisifika. Alikuwa akisema, "Pombe siijui, togwa naijua," na ni kweli aliijua, maana ndiye aliyeitwa kupika togwa kwenye harusi zote za upande ule.

"Poleni na msiba," Sabra alisema. "Mwaka umepita kama jana."

"Tumeshapoa," alijibu Regina akikoroga chai. "Namshukuru Mungu mama hakuteseka. Sisi wengine tulikuwa tunahangaika na maisha huko, lakini angalau alikuwa na mtu wa kumwangalia."

Mtu! Anastasia alikuwa anaosha vikombe, akasimamisha mkono ndani ya maji. Miaka kumi na mmoja, na jina lake ni mtu wa kumwangalia, kama msichana wa kazi aliyetafutwa sokoni. Alisubiri Regina ajisahihishe. Regina aliomba aongezewe sukari.

Aliiongeza. Kisha akatoka nje, akachochea moto wa pombe, na hasira yake akaja nayo jikoni.

Asiyejua upishi huu huona ni kuchanganya vitu tu. Mahindi yaliyosagwa bila kuoteshwa hayana utamu wa kujitegemea. Ukiyapika unapata uji, ukiuacha uji unapata uji mchachu, na hapo ndipo safari yake inapoishia. Anayeufungua uji ule ni kimea, ulezi uliolowekwa ukafunikwa majani ya mgomba mpaka ukatoa vijimizizi, ukaanikwa, ukasagwa. Mahindi ni mengi, kimea ni kidogo, debe la unga kwa pishi mbili tu, lakini hizo pishi mbili zikiingia vizuri, uji mzito kama ugali unalegea mbele ya macho yako na mwiko unakuwa mwepesi mkononi. Ukionja baada ya saa moja unakuta utamu ambao hukuutia.

Ila kimea hakipendi moto. Catherine alikuwa akisema kimea ni mtoto mchanga, huwezi kumwogesha maji yanayochemka. Yeye hakuwa na kipimo cha dukani. Alizamisha kidole cha shahada ndani ya uji na kuanza Salamu Maria. Kidole kikikimbia kabla hajalitaja jina la Yesu, uji bado. Akifika kwenye Amina bila kidole kujikunja, amechelewa. Kikivumilia mpaka jina la Yesu na kuomba kutoka hapo, ndipo kimea kiingie. Anastasia alikuwa amepima hivyo tangu ana miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuharibu chungu hata kimoja.

Unga alikuwa ameuloweka tangu jana yake, ukaanza kuchachuka kidogo. Aliumimina kwenye maji yaliyochemka, kidogo kidogo, akisonga kwa mwiko mrefu, jasho likimshuka mpaka kwenye kope. Uliiva ukitoa mapovu makubwa yanayopasuka na kuruka. Akauhamishia kwenye chungu kikubwa cha mama yake, akakifunika nusu, akakaa kwenye kigoda. Chungu kile kilikuwa kinene. Kupoa kwake, hata siku ya ukungu kama ile, ni saa moja na nusu kwa uchache.

Hazikupita dakika ishirini Regina akatokea na unga wa kimea kwenye ungo. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega. Mtandao ulikuwa ukishika uani na kupotea.

"Amani, ngoja, nakupigia. Ngoja nimalize hiki kitu cha mama." Akaishusha simu. "Haya, iko wapi? Nataka nipande pale juu kwenye mtandao, mtoto ana watu anataka kuongea nao leo."

Anastasia alikifunua chungu. Mvuke uliruka ukampiga usoni, akarudisha kichwa nyuma. Uji ulikuwa bado unapumua, tundu moja hapa, tundu jingine pale.

"Tayari?" aliuliza Regina.

Neno lilikuwa kwenye ulimi. Bado, dada. Hakuna kazi ndogo kuliko kusema bado. Lakini Anastasia aliitazama mikono ya Regina yenye rangi ya kucha, akawaona wale watu wa Amani na kamba yao, akamwona mama mkubwa akiondoka na mabegi yake kwenda Mzumbe, na jambo zima likajipanga kichwani mwake bila yeye kulipanga. Kimea hutiwa na mkono wa mkubwa. Ikikataa, mkono umekataliwa. Yeye hangekuwa amefanya lolote.

"Wewe ndiye mkubwa, dada," alisema.

Alilisema kwa adabu kabisa, na goti alilikunja kidogo.

Regina alijisikia vizuri kuambiwa hivyo, ilionekana. Alipiga ishara ya msalaba, akasema, "Haya mama, pokea," akamimina ungo wote kwa mara moja. Harufu ilipanda, si ile ya ulezi mbichi unaolainika, bali ya ulezi uliopikwa. Anastasia akachukua mwiko akakoroga. Alikoroga muda mrefu kuliko kawaida, mpaka Regina alipopotea juu kwenye njia akiita "haloo, haloo". Mwiko ulibaki mzito vile vile.

Alasiri Sabra alikuja na kikombe chake cha bati. Alijichotea mwenyewe kama alivyozoea, akaonja, akasimama. Akaonja tena.

"Mama Paulo, hii mbona haina utamu?"

"Bado haijakaa."

"Saa hizi ingekuwa imeshakaa ikachoka. Hii ni uji." Sabra aliinama akachungulia chunguni, akachota kwa kidole. "Kimea kimeungua. Nani alitia?"

"Dada."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Anastasia alijifanya anachagua kuni. Sabra akaweka kikombe chini, akasogea karibu na kupunguza sauti.

"Sikiliza. Bado kuna muda. Uji umeshapoa, uko vizuri kabisa sasa hivi. Nyumbani nina pishi mbili za kimea, niliziandaa kwa ajili ya harusi ya kwa kina Halidi, watasubiri. Nazileta, unatia, unakoroga, kesho unaweka chachu, Jumamosi watu wanakunywa. Hakuna atakayejua."

Ilikuwa kweli tupu, na Anastasia alijua hivyo kuliko Sabra mwenyewe. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake kwa mara ya pili siku ile ile.

"Acha, Sabra. Haya ni mambo ya ukoo."

"Ya ukoo?"

"Ndiyo. Acha."

Sabra aliokota kikombe chake, akakimwaga kwenye shina la mgomba. "Mimi nimesema," alisema, na kwa mara ya kwanza katika urafiki wao aliondoka bila kuaga.

Alhamisi Anastasia alitia chachu, kwa sababu ni kazi ya mwenye jiko, na chachu haikupata cha kula. Povu halikuinuka. Alikifunika chungu kwa majani ya mgomba, akakifunga kwa kamba, na hapo desturi ilimsaidia, maana pombe ya kaburi haifunuliwi mpaka mjomba aifunue. Regina hakuuliza. Alishinda akifagia chumba cha mama yao, akikunja khanga zake moja moja, na mara mbili Anastasia alimkuta ameketi kitandani ameshika khanga puani.

Ijumaa wakitoka kwenye Misa, wakipanda njia taratibu kwa sababu Regina alikuwa amesahau kupanda milima, aliuliza ghafla, "Hivi mwishoni mwishoni, mama alinitaja?"

Alimtaja kila siku. Kila asubuhi Anastasia alimnywesha uji kwa kijiko, na bibi yule alitazama mlangoni akauliza kama Regina amefika. Siku ya mwisho alimwita Anastasia kwa jina la Regina, akamshika mkono, akafurahi. Hilo lilikuwa limekaa ndani ya Anastasia mwaka mzima na lilikuwa halijachakaa.

"Sikumbuki," alisema.

Regina aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupanda.

Jumamosi asubuhi walifika watu kama ishirini, wa ukoo na majirani, wakakusanyika kaburini juu ya michungwa. Mjomba Severini, kaka wa marehemu aliyebaki peke yake, alikuja na kofia ya sufu, jembe la dada yake begani, na kata yake mwenyewe ya kibuyu ikining'inia kiunoni. Mzee huyu alijulikana kwa mambo mawili: kusahau majina ya wajukuu wake, na kutosahau chungu chochote cha pombe alichowahi kunywa tangu ujana. Alikuwa amelala bila kula, alisema, ili kumpa dada yake heshima yake yote.

"Shikamoo, mjomba," Anastasia na Regina walisema pamoja, wakapiga magoti.

"Marahaba wanangu. Chungu kiko wapi? Msinizungushe."

Watu walicheka. Alisali kwa kifupi, akamwambia marehemu kwamba wanawe wako hapa wote wawili, akafungua kamba, akaondoa majani. Akazamisha kata. Kata haikuzama vizuri, ikabidi aisukume. Akanywa, akakaa na kile kitu mdomoni mashavu yamejaa, akakimeza kwa shida.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka safari hii. Nyuma, mwanamke mmoja wa makamo alisema kwa sauti ndogo iliyosikika vizuri, "Mkono umekataliwa." Macho yote yakahamia kwa Regina.

Regina alikaa chini. Hakupiga magoti, alikaa tu, na kitenge chake kizuri kikaenea kwenye udongo.

"Nilijua," alisema. "Nilijua atanikataa. Alinipigia simu mara tisa siku moja. Nilikuwa naitazama simu inaita, sipokei. Niliogopa sauti yake jinsi ilivyokuwa. Nikasema nitakwenda wiki ijayo, nitakwenda wiki ijayo." Akaweka paji la uso juu ya kaburi. "Mama nisamehe. Usinikatae mama."

Anastasia alikuwa ameingojea saa hiyo siku tatu, na tusidanganyane, ilikuwa tamu. Kwa muda mfupi, mfupi sana, ilikuwa tamu kuliko togwa yoyote aliyopika. Kisha mabega ya Regina yakaanza kutikisika, na Anastasia akaona kwamba dada yake amezeeka, na utamu ukamgeuka mdomoni.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mjomba Severini alikuwa amelala bila kula, na mtu aliyenyimwa pombe huchunguza sana. Aliinama juu ya chungu, akachota uji, akausugua kati ya vidole, akaunusa.

"Hebu nyamazeni," alisema. "Mimi nimekunywa pombe iliyokataliwa. Nilikuwepo ile ya dada yetu mkubwa. Ilikuwa siki, ilikuwa kali, lakini ilikuwa pombe. Hii haijawahi kuwa pombe hata nusu saa. Huu ni uji uliopikwa pamoja na kimea chake." Akainua kichwa. "Anastasia. Kimea alikiotesha nani?"

"Mimi, mjomba."

"Kilikuwa kizuri?"

"Kilikuwa kizuri."

"Uji ulikuwaje kilipoingia?"

Anastasia aliinama kuyaokota majani ya mgomba. Mzee akamgeukia Regina.

"Wewe ulitia bila kuuliza?"

"Niliuliza, mjomba." Regina alifuta uso kwa kiganja, udongo ukambaki shavuni. "Mimi mambo haya siyajui, nimekaa mjini. Nilimuuliza kama tayari."

"Akakujibu nini?"

"Alisema mimi ndiye mkubwa."

Wanawake wote waliokuwepo walitazama chini. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwahi kumjibu hivyo wifi, au mama mkwe, au dada, na hakuna ambaye hakujua maneno hayo hufanya kazi gani yakisemwa kwa goti lililokunjwa. Pembeni, kwenye kundi la majirani, Sabra alikuwa amejifunika ushungi mpaka kidevuni. Anastasia hakuthubutu kumtazama.

"Mvuke uliuona?" aliuliza mjomba.

Angeweza kukana. Moshi wa kuni, macho ya utu uzima, nani angembishia? Lakini miguu yake ilikuwa imekanyaga udongo wa kaburi la mama yake, na alikuwa amechoka.

"Niliuona."

"Ukajua kimea kitakufa."

"Nilijua, mjomba."

Mzee aliketi kwenye jiwe. Alivua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaikunjua. Alipoongea sauti yake haikuwa tena ya mtu wa mizaha.

"Mama yenu aliniita mwezi mmoja kabla hajafa. Alikuwa na akili zake zote siku ile. Aliniambia, Severini, Regina ana nyumba yake na mume wake, shamba mpe Anastasia, huyu amenibeba. Mwaka mzima nimelilaza jembe hili uvunguni mwangu nikijua ni la nani. Leo nilikuja kukupa. Pombe ilikuwa ya desturi, na ya sisi kunywa. Hata angetia kimea mbuzi, jembe lilikuwa lako."

Anastasia alihisi ardhi ikimwacha. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama anayepokea komunyo.

"Basi nipe, mjomba. Kama mama alisema."

"Alisema kabla hujamtegea mwanawe kwenye chungu chake."

"Mjomba, miaka kumi na mmoja."

"Najua miaka ni mingapi. Umemwacha dada yako ajilaze juu ya kaburi la mama yake, aamini amelaaniwa, na wewe umesimama unatazama. Yeye amekosa kwa kutojua. Nikikupa jembe leo, kesho kila binti katika ukoo huu atajua namna ya kulipata." Macho yake yalikuwa na machozi, na hakuyaficha. "Mabinti ni wawili tu. Mimi sina wa tatu."

Aliinuka, akamkabidhi Regina jembe. Regina alilipokea kwa mikono miwili, hakujua alishike wapi, mpini ukamgonga kifuani. Hakutabasamu. Laiti angetabasamu, Anastasia angepata pa kushika. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja bila kula, bila kuimba, wakimpa mjomba mkono na kuwapita dada wawili hawa kama wanaopita shimo.

Walipobaki wenyewe, Regina alisema, "Ungeniambia tu bado. Ningengoja, Anastasia. Ningekaa pale na wewe, tungengoja wote."

Anastasia alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomuuma kuliko jembe.

"Nyumba utakaa," Regina aliendelea, akitazama bondeni. "Mpaka Amani aje tuzungumze. Sitaki kukufukuza mimi."

"Asante, dada."

Mdomo wake ulikuwa umeyasema kabla hajaukataza, na aliuchukia mdomo huo. Aliinama ili akibebe chungu kukirudisha nyumbani, kwa sababu mwenye jiko ndiye anayerudisha chungu, na mikono yake haikujua mambo mengine. Regina alimgusa bega.

"Kiache. Nitakituma mjini nitakapopata mtu. Ni changu sasa, si ndiyo desturi?"

Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua desturi inasemaje.

"Ndiyo desturi," alisema Anastasia.

Akateremka njia ya michungwa. Tangu arudi kwa mama yake hakuwahi kuishuka njia ile bila kitu: kama si kuni ni ndizi, kama si ndizi ni ndoo, na miaka ile ya mwisho ni mama yake mwenyewe mgongoni. Siku hiyo alishuka mikono mitupu na kichwa kitupu, na shingo, iliyozoea mzigo, ilimuuma njia nzima.